Kaburi la Mtani Kwenye Kiinuko cha Feruzi

Asubuhi ile tulikuwa tunaamia ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, na huo ndio wakati ambao ndege wa delta husahau adabu zao zote. Mimi nilikuwa juu ya dungu, kibanda chetu cha shambani kilichoinuliwa kwa nguzo za mikoko, nimeshika kamba ndefu iliyofungwa makopo matupu shamba zima. Ukiivuta, makopo yanagongana na ndege wanapaa. Mume wangu, Saidi, alikuwa chini anaziba ufa wa mtumbwi. Alikuwa anaimba, na Saidi hajui kuimba.

Basi tukamwona mtendaji wa kijiji anakuja kwa miguu, anavuka tope, viatu kavishika mkononi, suruali kaikunja hadi magotini. Jina lake Petro Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, kijana mrefu aliyeletwa kwetu na serikali. Alipofika katikati tope likamshika mguu mmoja, akayumba, kiatu kimoja kikamponyoka.

"We mpagazi!" nikamwita kutoka juu. "Babu zako walileta pembe za ndovu pwani, wala hawakuanguka. Weye unashindwa na viatu?"

"Babu zangu walipita njia ya watu," akajibu akihema. "Hawakujua kama wenyewe mnaishi ndani ya uji."

Saidi alicheka mpaka akakaa chini. Alishuka topeni, akakitafuta kile kiatu kwa mkono, akampa.

Kwa asiyejua, sisi watu wa Rufiji na Wanyamwezi ni watani. Utani huo ulianza zamani za misafara, wao wakiteremka na mizigo, sisi tukiwapokea, mara tukigombana, mara tukizikana. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa. Anaingia jikoni kwako akafunua chungu. Ukifiwa, yeye ndiye anayechimba na kupika na kuwachekesha wafiwa, na kabla maiti haijashushwa anajitupa ndani ya kaburi, analala chali, na hatoki mpaka ndugu wa marehemu wamkomboe kwa chochote walicho nacho. Wageni wakiona hivyo hudhani tumerukwa na akili. Lakini msiba usio na mtani una kasoro, na maiti asiye na ndugu wa kumkomboa mtani ni maiti asiye na watu.

Mihayo hakuja siku ile kutaniwa. Alikuja kwa sababu ya kiinuko.

Hapa lazima nieleze ngazi, maana bila ngazi hamtaelewa kitu. Katika kijiji chetu, upande wa Mbuchi, kulikuwa na waungwana, waliosema babu zao walikuja na Waarabu au walifanya nao biashara. Na kulikuwa na sisi, tulioitwa wazalia, wajukuu wa watu walionunuliwa. Hakuna aliyekwambia hilo usoni. Uliambiwa kwa kikombe. Ulikwenda kwao ukapewa maji kwa kata ya nazi, wao wakanywa kwa glasi. Harusini sisi tulisugua masufuria. Hata kufa tulikufa kwa ngazi: makaburi yao yako juu, kwenye mchanga mkavu, na yetu yalikuwa chini kando ya mikoko, ambako bamvua, maji makuu ya bahari, huingia na kutoka na kila mara huondoka na kitu.

Mjerumani alipokuja hakuivunja ngazi hiyo. Aliwakuta waungwana wana kanzu na wanajua kuandika, akawafanya maakida, akawapa na fimbo. Baada yake akaja Mwingereza, naye hakuwa na haja ya kuhangaika, ngazi aliikuta imesimama. Shule zikajengwa bara, kwenye misheni, huku kwetu zikawa za kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo uhuru ulipofika na ofisi zikataka watu, watu walitoka bara. Yule ambaye babu yake alibeba pembe za ndovu akarudi pwani na muhuri mkononi, akatuita wote, mwungwana na mzalia, watu wa pwani, wavivu, wapenda ngoma. Bi Shufaa, mkubwa wa ukoo wa waungwana kijijini, aliumia kwa hilo kuliko sisi. Sisi huko chini tulikuwa wenyeji, yeye alikuwa mgeni.

Mihayo naye alikuja na maneno hayohayo. Katika mkutano wake wa kwanza alisimama akasema kwamba watu wa huku shida yao ni usingizi. Watu wakainamisha vichwa. Mimi Somoe sikuumbwa kuinamisha kichwa. Nikasimama nikamwambia, "Mpagazi, shusha kwanza mzigo, usalimie, ndipo utukane." Mkutano mzima ukaangua kicheko. Yeye alikunja uso, kisha akakumbuka yeye ni nani kwetu, akacheka pia. Tangu siku hiyo alikuwa mtani wangu, na neno usingizi hakulirudia tena.

Sasa hicho kiinuko. Babu yangu Feruzi alikitengeneza kwa mikono yake. Mahali pale palikuwa na tope tupu. Alikwenda na mtumbwi hadi kwenye kingo za juu za mto, akachimba udongo, akaubeba kwa mapakacha, akaumwaga. Alifanya hivyo ujana wake wote, mpaka tope likawa ardhi na ardhi ikawa kilima kidogo ambacho bamvua haikifikii. Hapo alijenga, hapo mama yangu alizaliwa, na mimi pia. Ukoo wa Bi Shufaa ukangoja kiwe kizuri ndipo useme ni chao. Walisema mzalia hana ardhi, alikaribishwa tu.

Kwetu shauri la ardhi huamuliwa kwa kaburi. Mtu anaulizwa: wazee wako wamelala wapi? Bi Shufaa alionyesha mchanga wa juu, makaburi yamejaa. Sisi tulionyesha mikoko. Wazee wetu maji yalikuwa yamewala.

Asubuhi ile Mihayo alikizunguka kile kiinuko pole pole. Alichomeka kijiti ardhini, akachomoa, akautazama udongo uliogandia.

"Udongo huu si wa hapa," akasema. "Kuna mtu aliubeba."

"Kumbe mpagazi anamjua mpagazi," nikamwambia.

Hakucheka. Aliosha miguu, akavaa viatu, akasema shauri ataliamua Jumatatu, mbele ya wote. Saidi akamvusha kwa mtumbwi ili asianguke tena.

Jumatatu hiyo hakuifikia.

Habari zilikuwa zimetangulia. Tulisikia kwamba barabarani, kuanzia Kibiti kuteremka mpaka huko Nyamwage, viongozi wa vijiji wanapigwa risasi milangoni mwao. Nani anawaua, hakuna aliyejua, na mpaka leo mimi sijui. Kila mtu alikuwa na jibu na kila jibu lilikuwa la kunong'ona. Sisi wa deltani tulijifariji kwamba maji yatatukinga. Tulisahau kwamba kila anayekuja kwetu huja kwa maji.

Walikuja wakati wa magharibi.

Nilisikia mashine ya boti, kisha ikazimwa.

Kisha mlio wa bunduki. Kisha mingine miwili.

Nilimfunika binti yangu kwa mwili wangu, sakafuni. Saidi alisimama nyuma ya mlango na panga.

Sauti ya mtu ilipita uchochoroni, wala haikuwa ya hasira. Ilisema: "Atakayemgusa atamfuata."

Mashine ikawaka tena. Ikaenda.

Alfajiri tulimkuta Mihayo kwenye mlango wa ofisi, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kijiji kizima kilimtazama kwa mbali, na hakuna aliyesogea.

Wanaume walianza kuondoka asubuhi ileile. Siwalaumu. Waliwaogopa waliokuja na waliwaogopa watakaokuja kuwatafuta waliokuja, maana katika vita vya namna hii mwanaume wa kijijini anashukiwa na kila aliyeshika bunduki. Saidi alichukua mtumbwi aliouziba juzi yake. Alisema anakwenda kungoja kwenye mikoko mpaka mambo yatulie.

"Makopo ya upande wa mto yamelegea," akaniambia. "Yakaze, ndege watatumaliza."

Nilimjibu kwamba nitayakaza. Hayo ndiyo maneno tuliyoachana nayo.

Tulipiga simu kwa wakubwa. Jibu likawa boti haziruhusiwi kutembea, subirini. Tukasubiri siku nzima. Joto la delta mnalijua. Tulimfunika kwa turubai na tukafukuza mbwa kwa mawe, tumesimama mbali, kama kwamba jiwe halihesabiwi kuwa ni kugusa.

Siku ya pili nilimwendea mama yangu, Bi Mwanaidi. Alikuwa ameketi anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Mama, yule ni mtani wetu," nikasema.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nangoja nione kama na weye unajua."

Tukawa wanawake wanne: mimi, mama, na majirani zetu wawili, mtu na dada yake, wazalia kama sisi. Wanawake wa kwetu hatuendi makaburini, hiyo ni kazi ya wanaume, lakini wanaume hawakuwapo. Tulimkunja ndani ya khanga zetu, tukamlaza juu ya mlango wa ofisi yake tulioung'oa, tukabeba. Alikuwa mzito, na njiani nilimtukana kwa uzito wake, kwamba miaka yote hii wao ndio wabebaji na leo ananigeuzia mzigo. Nilikuwa ninalia huku ninamtukana. Mtani hufanya hivyo.

Tukafika njia panda, na hapo ndipo tulipolazimika kuamua. Makaburi ya juu ni ya Waislamu na ya waungwana. Yeye alikuwa Mkristo na mtu wa kuja, na wenye kuyafungua walikuwa wamejifungia ndani. Chini kando ya mikoko, bamvua ilikuwa imekaribia. Nilijua maji yangemtoa kabla mwezi haujaisha.

"Tumpeleke kwa Feruzi," mama akasema.

Nilisimama. Nilijua watu watasemaje. Watasema Somoe kapata kaburi la kuonyesha, Somoe anazika shauri la ardhi, si mtu. Kisha nikamtazama Mihayo amelala juu ya ule mlango tuliombeba nao, miguu imetokeza, ina tope la kwetu, na nikaona aibu hata kufikiria watu watasema nini. Tukapanda.

Udongo wa kiinuko ni laini, kwa sababu ulibebwa. Tulichimba kwa majembe ya mpunga, kwa zamu. Mimi nilimshukuru babu kwa kila jembe lililoingia bila kugonga mzizi. Shimo lilipotosha, mama akasema tumshushe.

Na hapo mimi, kwa mazoea tu, bila kufikiri, nikajitupa ndani.

Nililala chali, nikakunja mikono, nikapaza sauti kama nilivyoona wazee wakifanya tangu utotoni. "Sitoki! Ndugu wa marehemu wako wapi? Nikomboeni!"

Wale watatu wakatazamana juu ya shimo.

Ndipo nilipojua nilichofanya. Ndugu zake wote walikuwa Tabora, hawajui hata kama amekufa. Hakuna wa kunikomboa, na mtani hatoki bure. Nikitoka bure, nimetangaza mbele ya Mungu na mbele ya watu kwamba Petro Mihayo hakuwa na mtu.

"Toka, mwanangu," mama akasema taratibu.

"Siwezi."

Tukaisikia mashine.

Ilikuwa mbali, upande wa mto, lakini ilikuwa inakuja. Wale wanawake wawili wakalala kifudifudi juu ya udongo. Mama hakulala. Alikaa pembeni mwa maiti, mkono juu ya kifua chake.

Kutoka mle chini niliona mbingu tu.

Kisha nikasikia nyayo. Mtu mmoja, anapanda, anahema.

Alikuwa Bi Shufaa.

Amekuja peke yake, peku, buibui limelowa tope hadi magotini. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona amekanyaga kiinuko kile. Kukanyaga ingekuwa kuja kututembelea. Alisimama ukingoni akanitazama, kisha akalitazama kaburi lenyewe, urefu wake na mahali lilipo, na nikaona kwamba ameelewa. Hakuna mtu kijijini aliyejua kuliko yeye kaburi lile lina maana gani. Angeweza kugeuka akarudi. Angeweza kungoja mashine ifike.

Alivua bangili ya fedha aliyoachiwa na bibi yake, ile ambayo hata kwa harusi hakumwazima mtu, akaidondosha kifuani pangu.

"Miye ni ndugu wa marehemu," akasema kwa sauti, kama anazungumza na umati. "Huyu ndugu yangu. Nimekukomboa. Toka, Somoe."

Nikasikia mdomo wangu unasema, kwa sababu ndivyo mtani anavyosema siku zote, "Haitoshi."

"Mjinga weye!" akafoka, na machozi yanamtoka. "Haitoshi nini na mashine inakuja?"

Akapiga magoti akanyoosha mkono. Mwanamke ambaye hakunipa glasi maisha yake yote alinishika mkono wangu wenye tope, akanivuta kutoka kaburini kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Tulimshusha Mihayo pamoja, tukamfukia pamoja, tukitupa udongo kwa viganja pale majembe yalipochelewa. Mashine ilipita mtoni bila kusimama. Ilikuwa ya nani, sikujua.

Hakuna aliyejua sala za kwao. Mama alimwombea kwa Kindengereko, maneno yake mwenyewe, akamwambia Mungu kwamba huyu ni mgeni wetu na asiulizwe maswali mengi. Nilifunga vijiti viwili vya mikoko kwa ukamba wa makopo ya ndege, nikamsimamishia msalaba. Ulikaa upande. Nilimwambia hata yeye alikuwa anatembea upande.

Tuliporudi nyumbani, Bi Shufaa aliomba maji. Nilimpa kwa kikombe changu, akanywa chote, akakaa nacho mkononi muda mrefu.

Vita ile iliisha kama ilivyoanza, bila kutangazwa. Boti zikatembea tena. Mama yake Mihayo akaja kutoka Tabora na mwanawe mwingine na kibali cha kumhamisha marehemu. Tulimpandisha kiinukoni. Alilikuta kaburi limefagiliwa. Akauliza ni nani aliyekuwa ndugu siku ile. Bi Shufaa akajitokeza, kainamisha kichwa kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Yule mama alimkumbatia, wakalia. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatugeukia sote.

"Wezi nyinyi watu wa pwani," akasema. "Mmeniibia mwanangu, mmempa nyumba, mmempa na dada. Sasa mimi nichukue nini hapo?"

Kibali akakirudisha mkobani. Mihayo yupo kwetu mpaka leo.

Ningependa kusema ngazi ilivunjika, lakini siandiki ngano. Harusini bado wapo wanaotutafuta kwa ajili ya masufuria. Ofisini bado nakutana na vijana wa bara wanaonisemesha pole pole kama mgonjwa. Shauri la kiinuko, hata hivyo, Bi Shufaa hakulitaja tena, na kila mfungo wa Ramadhani unapokaribia huja kwangu na jembe lake kung'oa majani kwenye kaburi la nduguye. Bangili ninayo mkononi wakati ninapoandika haya. Mtani harudishi alichokombolewa nacho. Watu wakiniuliza wazee wangu wamelala wapi, nawaonyesha kiinuko bila haya yoyote. Nawaambia kilibebwa na babu yangu Feruzi, aliyenunuliwa kwa nguo, na kinalindwa na Mnyamwezi.

Ninajivuna. Wanaume wenye bunduki walisema asiguswe, tukamgusa. Wanawake wanne tuliosuguishwa masufuria, na wa tano aliyekunywa kwa glasi.

Saidi hakurudi.

Nilikaza makopo. Nilivuna ule mpunga na binti yangu. Nilimngoja, kisha nikamtafuta, mikokoni kwanza, halafu Kibiti, halafu Dar es Salaam, kila mlango ambao mwanamke anaweza kuugonga. Wengine wanasema alichukuliwa. Wengine wanasema ni maji, au kwamba alivuka akaenda Msumbiji. Mtumbwi haukuonekana. Sina pa kufagia kwa ajili yake, na kwa watu wanaohesabu watu wao kwa makaburi, hilo ni jeraha ambalo halina dawa.

Basi ninapofagia kwa Mihayo ninamtukana kidogo, kama haki yake, kisha ninakaa hapo kiinukoni na kumwombea mume wangu. Sijui kama yu hai. Kama yu hai, Mungu amrudishe, nyimbo zake mbaya nimezikosa. Na kama alianguka mahali, kwenye nchi ya watu wasiomjua, naomba iwe alitokea mtu mmoja, Mnyamwezi au yeyote, akavua alichokuwa nacho mkononi, akasema kwa sauti mbele ya waliokuwapo: huyu ni ndugu yangu.